Vitanda Vinne

Agosti 2019, usiku, ndani ya kibanda cha mbao pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, nilihesabu fedha kwa mwanga wa tochi ya kichwani, kisha nikazigawa upya. Nilitoa shilingi 840,000 kwenye bahasha ya wapagazi nikazitia kwenye bahasha ya bweni. Hakuna aliyenituma. Wenzangu tisa walikuwa wamelala na nguo zao, wamechoshwa na kilele. Asubuhi niliwatangazia kwamba tumefikisha lengo. Walipiga makofi, mmoja akalia, nami nikalia pamoja naye kwa furaha, kwa sababu niliamini kabisa kwamba nimefanya jambo jema. Ilinichukua miezi kadhaa kuliita jambo lile kwa jina lake: niliwadhulumu watu ishirini na wanne malipo ya jasho lao.

Mimi ni mzaliwa wa Didia, kwenye barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde. Nafanya kazi ya kutunza hesabu Kahama, na katika kundi letu la wapanda mlima nilikuwa mhazini. Huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, habari ya kupanda mlima kwa ajili ya mchango si ngeni. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiendesha Kili Challenge: watu wanapanda Kilimanjaro, wengine wanauzunguka kwa baiskeli, na fedha zinazopatikana zinakwenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI. Sisi hatukuhusiana nao kwa namna yoyote. Tulikuwa watu kumi tuliosoma pamoja na kutawanyika, tukakutana tena msibani, tukakubaliana kwamba nasi tupande, tuchangishe vitanda vya bweni la wasichana katika shule moja ya huko kwetu. Vitanda arobaini vya juu na chini, kila kimoja 210,000 kwa fundi wa kuchomelea. Jumla 8,400,000.

Sababu ya bweni haikuhitaji maelezo marefu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, wakati Shinyanga ilikuwa bado haijamegwa kutoa mikoa mipya, ulikuta kwamba karibu wanawake sita kati ya kumi wa mkoa huu wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko hiyo. Mimi sikuhitaji utafiti. Dawati langu la darasa la saba lilikuwa na wasichana watatu, na wawili kati yao walikuwa na watoto mgongoni kabla sijamaliza kidato cha pili. Binti anayetoka nyumbani alfajiri kutembea hadi shuleni, akirudi giza limeingia, njiani anakutana na mengi. Kitanda kinampa mahali pa kulala palipo karibu na daftari lake. Hilo niliamini wakati ule na ninaliamini leo.

Michango tuliikusanya kila mahali. Didia nilipita sokoni mwenyewe, na daftari na kadi. Namkumbuka mama mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia bila kuinua macho, anapima michembe kwa kopo. Nilipomweleza, alifungua fundo la khanga akanipa sarafu ya 500. Nikaandika jina lake. Nilikuwa nimeshasogea hatua kadhaa aliponiita, akanijazia kopo zima la michembe kwenye mfuko. "Utatafuna ukifika huko juu kwenye baridi." Niliitafuna kweli, nikiwa nimekaa kwenye jiwe, siku ya nne, upepo unanipiga masikioni.

Hapa niseme jambo ambalo wapanda mlima wa hisani hatupendi kulisema. Kila mmoja wetu alijilipia safari yake, na ilitugharimu karibu milioni moja na laki tatu kwa mtu: ada za hifadhi, vibanda, chakula, waongoza njia, wapagazi. Zidisha mara kumi. Fedha za kutufikisha kileleni zilizidi bei ya vitanda vyote arobaini. Tungeweza kukaa Kahama tukatoa fedha hizo na bweni likajaa siku hiyohiyo. Lakini binadamu hatoi hivyo. Watu walitupa kwa sababu tulikwenda kuteseka, na ninaona kuna ukweli katika hilo, kwamba mtu akiona mwenzake anabeba, anapata moyo wa kushika upande wa pili. Tatizo ni kwamba tuliowachangisha waliona sisi ndio tunabeba.

Hatukubeba. Mgongoni nilikuwa na mfuko mdogo wa maji na koti la mvua. Vilivyobaki, yaani mifuko ya kulalia, sufuria, mitungi ya gesi, viazi, mafuta ya kupikia, matikiti maji, vilikwenda juu kwa vichwa na migongo ya watu ishirini na wanne. Pale lango la Marangu mizigo inapimwa, maana mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Wenyewe huitana wagumu. Wengi walikuwa vijana wa vijiji vya palepale chini ya mlima, wanaotoka kwenye vihamba vya migomba na kahawa ambako maji ya mifongo hupita mbele ya nyumba. Baadhi walitoka mbali zaidi. Walikuwa wanatupita asubuhi wakikimbia, tukifika kambini tunakuta chai iko tayari.

Aliyebeba mfuko wangu alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mbili. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachia soli, amekifunga kwa kamba ya katani, na kila tulipopumzika alikuwa anaikaza upya bila kukiangalia, vidole vimeshazoea. Kulikuwa pia na mzee mmoja mfupi ambaye kazi yake ilikuwa mayai. Alipanda na trei zake zimefungwa pamoja, amezishika kwa mikono miwili mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na mzigo mwingine mgongoni. Hadi Kibo hakuvunja hata moja. Vijana walimwita Mzee wa Mayai, nasi tukamwita hivyohivyo. Sikumuuliza jina.

Kibo hakuna maji. Kila tone unalokunywa pale, kwenye mita 4,720, limebebwa kutoka chini. Usiku ule wa kwenda kileleni niliamka saa tano na nusu nikitetemeka meno yanagongana, na yule kijana alikuja na chupa ya maji ya moto, akaniambia niiweke tumboni ndani ya koti, nisiinywe kwanza. Nilifika Uhuru, mita 5,895, jua likiwa limeshachomoza. Nilipiga picha na kitambaa chenye jina la bweni. Nikafikiria wasichana wa Didia, nikaomba dua. Yote hayo yalikuwa ya kweli moyoni mwangu, na usiku wa siku hiyohiyo nikafanya nilichofanya.

Wakati ule mtandao Horombo ulipatikana kwa kubahatisha. Jioni ile simu yangu iliingiza ujumbe: mfanyabiashara mmoja aliyeahidi mchango mkubwa amejitoa, mambo yake yameharibika. Nilipiga hesabu. Tulikuwa na 7,560,000. Zimepungua 840,000, vitanda vinne kamili. Na kiunoni nilikuwa nimefunga bahasha ya bahashishi, au tipu kama wanavyosema mlimani: shilingi 50,000 kwa kila mpagazi, 120,000 kwa kila mmoja wa waongoza njia wanne, 80,000 kwa kila mpishi kati ya wawili. Tulipanga viwango hivyo kabla ya kupanda, baada ya kiongozi wa msafara kutufafanulia kwa upole kwamba ujira wa siku ni mdogo, na kwamba bahashishi ndiyo inayomfanya mpagazi arudi nyumbani na kitu mkononi. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Nilijiambia hii ni safari ya hisani, kila mtu amejitolea, nao wajitolee kidogo. Nilijiambia 15,000 kwa mpagazi si haba, watu wengine wanapanda hawaachi hata senti. Ishirini na wanne mara 35,000, hesabu ilikaa sawasawa, nikaona kama Mungu mwenyewe ameipanga. Fedha za waongoza njia na wapishi sikuzigusa. Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni baya. Waongoza njia wanaongea na wateja, wanajua namba za ofisi, wangeuliza. Nilichukua kwa wale ambao nilikuwa na uhakika kwamba hawatauliza.

Aliuliza mmoja. Siku ya mwisho langoni, baada ya nyimbo na kucheza, niligawa kwa kuita majina kutoka kwenye orodha. Kijana wangu alipokea, akasogea pembeni, akahesabu noti, akahesabu tena. Akaja taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, na naamini alifanya hivyo ili kunisitiri mimi.

"Dada, hii ni ya mtu mmoja au ya kugawana?"

Nikamwambia ni ya mtu mmoja. Nikaongeza maneno ambayo hadi leo yananichoma: kwamba na ninyi mmechangia, mmewapa dada zenu wa Shinyanga mahali pa kulala, mtapata thawabu. Akanitazama kidogo.

"Mngetuuliza," akasema. Kisha, "Haya, safari njema."

Tulipokuwa tunashuka na basi dogo kuelekea Moshi tulimpita barabarani. Alikuwa anatembea kwenda kwao, viatu ameshika mkononi. Wenzangu wakampungia kwa shangwe, wakiita jina lake. Akapunga.

Nyumbani tulipokelewa vizuri. Kulikuwa na mgeni rasmi, kulikuwa na mfano wa hundi mkubwa kama mlango, kulikuwa na ngoma. Nilisoma taarifa ya fedha mbele ya wazazi na kamati ya shule. Kuna mstari niliouandika mwenyewe, nikautafutia maneno usiku kucha: "Akiba iliyotokana na kubana matumizi ya safari, 840,000." Watu walipiga makofi kwa mstari ule kuliko mistari mingine yote. Mhazini mwaminifu, walisema. Mimi ni mtu wa hesabu, maisha yangu yote ni kuhakikisha kwamba tarakimu inasema kilichotokea. Pale niliandika tarakimu sahihi, nikaipa jina la uongo.

Baba yangu hakuja kwenye sherehe, miguu inamsumbua. Jioni nilikwenda kumsimulia. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza mlima wote, theluji, yule mzee na mayai yake. Alifurahi sana kwa habari ya mayai, akanirudisha nyuma nimweleze tena jinsi alivyozishika trei. Kisha nikamweleza, kwa fahari kabisa, jinsi nilivyoziba pengo.

Nimweleze msomaji baba yangu ni nani. Alikuwa mwanaapolo. Ujana wake aliumalizia kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na miaka yake ya mwisho ya kazi ilikuwa Mwakitolyo, huku kwetu Shinyanga Vijijini. Mwanaapolo hana mshahara. Anaingia shimoni kwa kula na kulala, anachimba wiki na miezi, akingoja duara liteme. Likitema, mawe yanatiwa kwenye viroba, na viroba vinagawanywa: fungu la mwenye duara, fungu la mwenye eneo, fungu la gharama, na mwisho fungu la wachimbaji. Hicho kiroba chako ndicho unachokipeleka kwenye karasha kisagwe, kioshwe kwenye mwalo, kikamatwe kwa zebaki, ndipo ujue kama miezi yako ilikuwa na kitu. Na mgao unafanywa na mwingine. Akisema viroba vimepungua kwa sababu hii au ile, vimepungua. Nilikuwa na miaka tisa baba aliporudi baada ya miezi minne na begi lake tu. Mama alikuwa ameshakopa unga na sare zangu dukani kwa kutegemea duara lile. Sijasahau mama alivyokuwa anapita njia ya nyuma ili asionane na mwenye duka.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Walikuwa wangapi hao wabebaji?" Nikasema ishirini na wanne. Akanyamaza. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, akawaangalia mpaka wa mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nawe umekuwa mwenye duara."

Hakuongeza neno, na mimi sikupata la kujibu. Nilirudi Kahama usiku ule na sikulala, na kwa wiki nyingi nilikuwa naamka nikisikia, "Mngetuuliza."

Nimewaza sana juu ya mizigo tangu siku ile. Sisi Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi ni watoto wa wapagazi. Karne ya kumi na tisa watu wa huku bara ndio waliobeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya huku na Bagamoyo, miezi kwa miezi. Neno posho, ambalo leo tunalitumia kwa fedha za semina, lilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, na msafara uliochelewesha posho ulijikuta mizigo imelala njiani, wabebaji wametoweka. Kariakoo, soko tunalokwenda kununua bidhaa Dar es Salaam, limepata jina lake kutokana na kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichopiga kambi pale. Nilisoma haya shuleni nikafaulu mtihani. Nilipopewa mimi bahasha ya wapagazi, sikukumbuka hata moja.

Februari 2020 niliomba kikao cha kamati nikasema. Nilisoma upya ule mstari, safari hii kwa jina lake. Kuna waliokasirika, si kwa niliyoyafanya ila kwa kuyatoa nje. Mmoja, kwa nia njema, alisema vitanda vimeshafika, watoto wamelala, mambo ya mlimani yabaki mlimani. Nilikwenda pia sokoni kwa mama wa michembe, maana jina lake lilikuwa kwenye daftari langu na nilimchanganyia fedha zake na za dhuluma bila yeye kujua. Alikuwa anapima, vilevile. Alinisikiliza akiendelea kupima, akafuta mikono kwenye khanga.

"Basi warudishie," akasema, kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda Tinde.

Nilikopa kwenye kikoba chetu. Kiongozi wa msafara alikuwa bado na daftari lake, akanipa majina na namba alizokuwa nazo. Nilianza kutuma Machi, 35,000 kila mmoja pamoja na ya kutolea. Ndipo korona ikaingia, watalii wakakatika, mlima ukabaki mtupu. Wapagazi walirudi vijijini, wengine wakauza simu, wengine wakabadilisha laini. Ningewalipa langoni ile siku, kwenye viganja vyao, fedha ile ingewakuta kabla ya njaa ile. Badala yake nilikuwa nawatafuta mmoja mmoja kwa namba zisizopatikana. Hadi leo nimewafikia kumi na watano.

Kijana wangu alikuwa wa kumi na tano. Alipopokea simu nilijieleza kwa maneno mengi, naye akaningoja nimalize. Akasema fedha imeingia, anashukuru. Alikuwa anachimba viazi kwa watu. Nikamwomba radhi kwa yale maneno ya thawabu. Kimya kidogo, kisha akauliza:

"Mzee wa Mayai umempata?"

Nikamwambia bado, kwenye daftari ameandikwa hivyohivyo, Mzee wa Mayai, hakuna jina lingine wala namba.

"Yeye hana simu," akasema. "Lakini anashukaga Marangu Mtoni siku za soko. Nitamwangalia."

Mwaka jana nilipita kwenye lile bweni. Vitanda vimepakwa rangi ya buluu, vyote arobaini, vimepangwa safu mbili, kila kimoja na neti yake na kisanduku chini. Wasichana walikuwa darasani. Nilitembea katikati kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho nikivigusa vyuma, nikitafuta vinne vyangu, na havikuwa na tofauti yoyote na vingine. Fedha za wale tisa, 315,000, ziko kwenye laini niliyoisajili kwa kazi hiyo tu. Orodha yao nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la ofisini. Sita wana jina moja moja tu, wawili wana majina ya utani, na wa mwisho ni Mzee wa Mayai.